Mahubiri Marefu ya Mariashoni

Krismasi ya 1996 iliangukia Jumatano, na mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa mwinjilisti. Kanisa lilikuwa limemtoa Vihiga, kwenye ndizi na jua, likamleta Elburgon, mji wa mbao na baridi, akahubiri "kwa Wandorobo wa msituni". Ndivyo barua ya uhamisho ilivyosema. Wenyewe wanajiita Ogiek, na hilo jina lingine, walilobandikwa na Wamaasai kwa maana ya fukara asiye na ng'ombe, hawalipendi hata kidogo. Baba alilijua hilo mwezi wa kwanza akaacha kulitamka. Wakubwa wake hawakuacha, na kila fomu ya ripoti aliyoletewa ilikuja nalo juu kabisa.

Tuliondoka alfajiri kwenda Mariashoni, ndani ya msitu wa Mau, kwa pikapu ya kuazima. Nyuma tulipakia magunia mawili ya unga, sukari iliyopimwa kilo kilo, mikate, na mafurushi matatu ya nguo zilizotumwa na waumini wa ng'ambo. Mama alikuwa amekesha akizichambua. Alikuta suti saba za kuogelea. Mariashoni iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba sakitu huanguka. "Wataogelea wapi hawa?" Mama aliuliza, akaziweka kando. Mwaka mzima uliofuata nyumba yetu ilipigwa deki kwa suti za kuogelea.

Njia hupita kwanza kwenye misonobari ya serikali, miti iliyopangwa mistari kama watoto wa shule, kisha msitu wenyewe unaanza. Mwaka ule ulikuwa umeanza kutobolewa. Tulipita visiki vya mitarakwa vilivyokuwa bado vinanukia, na kando ya njia kulikuwa na vigingi vipya vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Wapima ardhi walikuwa wamefika. Watu wa Mariashoni walikuwa wakilalamika kwamba mashamba yanakatwa ndani ya msitu wa babu zao na kupewa watu wasiowajua. Baba alivipita vile vigingi bila kusema neno. Alikuwa akirudia mahubiri yake kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Kabla ya ibada palikuwa na kazi ya daftari. Mwaka uliotangulia watu kadhaa walirudi kwenye foleni mara mbili, na Mama, ambaye alizaliwa kuwa mhasibu ila hakusomeshwa, aliapa haitatokea tena. Kila kaya iandikwe: jina la mwenye nyumba, idadi ya watoto, na alama ya kidole gumba. Mimi nilikuwa mshika pedi ya wino. Ndiyo maana hadi leo nakumbuka vidole kuliko nyuso. Kulikuwa na mzee mmoja mrina asali, mabega yamefunikwa kwa ngozi za pelele zilizoshonwa pamoja, ambaye gumba lake lilikataa kabisa kutoa alama. Ngozi ilikuwa imelainika kwa moshi na kamba na magome ya miti, haina mistari tena. Alibonyeza, likatoka doa jeusi tupu. Akalilamba, akalifuta kwenye paja, akabonyeza tena. Doa. Mama akasema, "Inatosha, Mzee, Mungu anakujua." Mzee akatikisa kichwa. Akataka kujaribu kidole cha shahada, kisha cha kati, na hakuondoka pale hadi kimoja kilipoacha mistari inayoonekana. Nilidhani ni uroho wa sukari.

Ibada ilikuwa chini ya mti wa podo. Baba alifungua Luka sura ya pili, pale amri inapotoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu. Alisoma sentensi moja, akamwachia mkalimani, kijana mrefu aliyewahi kufundisha shule. Mkalimani akasema sentensi kumi.

Baba hakushtuka. Aliamini kwamba lugha nyingine zinahitaji maneno mengi. Lakini mimi nilikuwa nikisoma na kucheza na watoto wa Kikipsigis, na Kiogiek cha Mau kinakaribiana nacho sana. Sikuyashika yote, ila kulikuwa na neno moja lililorudi na kurudi: timdo, timdo. Msitu. Nikajaribu kukumbuka msitu uko wapi katika habari ya Bethlehemu.

"Yusufu naye akapanda kutoka Galilaya," Baba akasema.

Mkalimani akaongea mpaka bibi mmoja akasimama, akajibu kwa ukali, fimbo yake ikionyesha kule tulikotoka, kwenye vigingi.

"Haleluya!" Baba akapaza sauti.

"Amina!" wanaume wakaitikia.

Akasimama mzee mwingine, akanena kama robo saa. Halafu wa tatu. Baba akaniinamia, macho yamemlowa. "Wanashuhudia," aliniambia.

Wasomaji vijana pengine hawajui kwamba siku hizo kukusanya watu bila leseni ya serikali kulikuwa kosa. Sheria ile ililegezwa mwishoni mwa 1997. Kwa baraza la kuzungumzia ardhi ungenyimwa, au ungepewa pamoja na askari. Ibada haikuhitaji leseni. Na Krismasi ndiyo siku pekee ambayo koo zilizotawanyika kwenye mabonde yale zingeweza kukutana zote bila mtu kuuliza kwa nini.

Wapo watakaosema tulitumiwa. Mimi nilikuwepo wakati wa sala ya mwisho na niliwaona wakiomba, kwa sauti na kwa muda mrefu, yule bibi wa fimbo akilia. Sidhani kama walikuwa wametenganisha jambo hili na lile.

Baada ya kugawa vitu, mzee wa ngozi za pelele alimjia Mama pamoja na mkalimani.

"Mama Mwinjilisti, hili daftari utalipeleka wapi?"

"Kanisani, Mzee. Wajue kwamba vitu vimefika."

"Sisi tunalihitaji. Humu wamo watu wetu wote, na vidole vyao."

Mama akamtazama Baba. Baba akamtazama mkalimani, na hapo ndipo nilipoona mahubiri yote yakimrudia usoni, sentensi moja kwa kumi. Nilisubiri hasira. Baba alikuwa na hasira za karibu.

"Nakili hesabu tu," akamwambia Mama. "Hilo waachie."

Mama akachana karatasi ya mwisho, akaandika: kaya 63, watoto 214. Daftari likaingia chini ya ngozi za pelele.

Mwaka uliofuata, 1997, Waogiek wa Mau Mashariki walifungua kesi Nairobi. Hukumu yao ilitoka 2014, na mtoto aliyepigwa picha kwenye ile Krismasi akiwa mgongoni alikuwa tayari mtu mzima mwenye kitambulisho. Sijawahi kuuliza kama daftari la Mama lilifika mahakamani. Nadhani sitaki kuambiwa hapana.

Wakati wa kurudi nilikaa katikati ya Baba na Mama, mkebe wa Kimbo uliojaa asali umebanwa magotini mwangu, vipande vya nta na nyuki wawili wafu wakielea juu. Tulikuwa tumeshavifikia vigingi Baba alipoongea.

"Wewe unasikia lugha yao. Leo nilihubiri nini?"

"Msitu, Baba."

"Na Yusufu?"

"Yusufu sikumsikia."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na kila alipotulia akaangalia upande wa dirishani akaanza upya. Baba alibadilisha gia, akaendesha, akapita kigingi cha mwisho.

"Basi ripoti ya mwaka huu," akamwambia Mama, "andika wewe."

Usiku ule, kwenye taa ya chemni, Mama alikata jina lililochapishwa juu ya fomu, akaandika Ogiek kwa herufi kubwa, na chini yake: "Mahudhurio yalikuwa mazuri. Watu wengi walishuhudia."