Ticha, hili si tulishalifanya?

Madogo wa fomu foo ninaowafundisha twisheni hapa Mwanga, Kigoma, kila siku wananiuliza hivyo. Kuna siku wako sahihi, kuna siku hapana, na mimi naona kujua tofauti hiyo ndo hesabu yenyewe.

Cheki hili. Bomba moja linajaza simtanki kwa masaa 3, lingine kwa masaa 6, ukifungua yote mawili je? Halafu hili: boti inaenda Gombe kwa masaa 3, nyingine imejaa mzigo inatoka Gombe kuja mjini kwa masaa 6, zimeondoka muda mmoja, zitakutana baada ya muda gani? Huku maji ya bomba huku safari ya ziwani, lakini kila lisaa ya kwanza inamaliza theluthi na ya pili sehemu moja ya sita, jumlisha unapata nusu, kwahiyo masaa 2. Hilo swali ni moja! La pili silifanyi upya, namwonyesha tu kwamba njia ya ziwani imekaa pale lilipokuwa simtanki.

Sasa geuza. Gari limeenda Kasulu kwa spidi 60 likarudi kwa 40, wastani ngapi? Na gari lililotembea nusu ya muda kwa 60, nusu kwa 40? Namba zilezile, maneno karibu yaleyale, ila la pili jibu 50 na la kwanza 48, maana tuseme njia ni kilomita 120, kwenda masaa 2, kurudi masaa 3, jumla 240 kwa masaa 5, yani spidi ndogo imekula muda mrefu zaidi. Ukimwambia mtoto haya ni swali moja umemnyima kitu kikubwa sana.

Mimi napima hivi: nikibadilisha majina na namba tu kwenye njia ya zamani, nafika? Nikifika ni moja.

Panaponisumbua ni kwenye ligi. Timu 10, kila moja icheze na kila nyingine mara moja, mechi 45. Nyumbani na ugenini, 90. Ni swali jipya? Inategemea nani kauliza aisee. Wa fomu foo namrudisha kwenye daftari lake, wa fomu wani nachora timu 4 ubaoni tunahesabu mechi mojamoja, nyumbani na ugenini, mpaka zifike 12.