Pua ya babu

Leo nimekwenda kumchukua mtoto wa dada yangu shuleni. Mama mmoja anayeuza maandazi pale getini akaniuliza, "Huyu mzungu wako umemtoa wapi?" Nikacheka tu. Nimechoka kugombana.

Wangeacha kukodolea rangi wangeona: pua ni ya babu yetu wa Sengerema, ile bapa yenye kovu-kovu la asili katikati. Masikio yamechomoza kama ya marehemu mama. Hata mwendo, kisigino kinaburuzwa vilevile. Ualbino haukufuta ukoo wake. Umepunguza tu melanini, ile rangi ya asili ya mwili, kwenye ngozi, nywele na macho, basi.

Alipozaliwa, upande wa shemeji walimsema dada weee! Eti kwao hakuna. Kumbe kwao ipo! Jeni hii mtoto huipata kwa baba na kwa mama, ya mzazi mmoja haitoshi. Wao wenyewe ni weusi tii, hawana habari kama wameibeba. Wakikutana wawili hivyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa na ualbino. Kila mimba, jamani, siyo kwamba akishazaliwa mmoja watatu wanaofuata wamepona. Wa pili wa dada naye ana ualbino, wa tatu hana.

Sasa hivi yuko kibarazani, kofia pana kichwani, kitabu kinakaribia kugusa pua, macho yanachezacheza kama kawaida yake. Ameniuliza kama babu naye alikuwa anakoroma. Nimemwambia sana.