Oili nyeusi

Jumamosi tulikuwa tunapanda mlima wa Isamilo, Mwanza, mimi na binti yangu, tukakwama nyuma ya Canter iliyojaa tofali. Dereva alikuwa amelishikilia gari kwa klachi, haendi wala hasimami, injini inalia, na harufu ikaanza kuingia dirishani. Binti akaziba pua. "Baba, kuna tairi linaungua?" Nikamwambia hapana, hiyo ni klachi. Akataka kujua nimejuaje. Harufu ya klachi haifanani na ya mpira. Inakaba kooni kama moshi wa kucha zilizochomwa, na ukishakutana nayo mara moja huwezi kuisahau. Nikapandisha kioo, Canter ikasogea, tukaenda zetu. Lakini akili ilikuwa imeshahamia Bugarika, mwaka wa El Niño.

Wanaokumbuka mvua za mwisho wa 1997 hawahitaji kusimuliwa. Mwanza ilikuwa bado manispaa, hadhi ya jiji ikaja 2000, na njia nyingi za milimani zilikuwa udongo na mawe matupu. Maji yanashuka usiku kucha kutoka kwenye majabali, asubuhi unakuta katikati ya njia kuna mtaro wa kummeza ndama. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri majibu, nashinda gereji kwa Mjomba pale Mabatini nikiosha vyuma kwa dizeli na kupanga spana.

Kulikuwa na mama mmoja akijenga Bugarika, juu kabisa. Alikuwa na pikapu, Hilux ya dizeli ya zamani, na siku si nyingi nyuma alikuwa amefungiwa klachi pleti mpya kwenye gereji moja mjini. Siku hiyo ilipakiwa simenti, mifuko 20, yaani tani nzima. Ikafika kwenye ule mpando mkali, mbele yake kuna watu wanajaza mawe kwenye mtaro. Dereva akasubiri akiwa ameshika balansi, mguu kwenye klachi na mguu kwenye mafuta, gari linaning'inia pale pale. Alipotaka kuondoka, injini ikapiga kelele lakini magurudumu hayazunguki. Moshi ukatoka chini. Akakanyaga breki, gari likateleza nyuma kidogo kwenye tope. Utingo, kijana aliyenizidi mwaka mmoja au miwili, akaruka na jiwe kwenda kuzuia tairi la nyuma. Tairi lilipanda juu ya lile jiwe kabla hajatoa mkono.

Vidole viwili. Wakamkimbiza hospitali ya Bugando, ambako ni karibu, na watu wakaishusha simenti wakaipandisha kwa vichwa. Pikapu ikarudishwa kinyumenyume taratibu mpaka kwenye kiuwanja cha tambarare, chini ya jabali. Ndipo Mjomba akaitwa.

Tulilala kwenye turubai chini ya ile pikapu tangu saa kumi jioni. Mjomba kabla ya kuwa fundi alikuwa utingo wa malori yaliyobeba pamba kwenda Dar es Salaam, na Mlima Sekenke aliujua kwa miguu yake, kwa sababu utingo ndiye anayetembea na jiwe nyuma ya lori. Kwa hiyo habari ya yule kijana ilimkaa. Hakusema kitu. Alifungua propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, akafungua nyaya na bomba la mafuta ya klachi, akanipa spana namba 17 nilegeze bolti za juu za giaboksi ambazo mkono wangu mwembamba ulizifikia vizuri kuliko wake. Giza lilipoingia tukawasha karabai, tukaiweka juu ya jiwe.

Giaboksi ikashuka. Hapo ndipo ninapoona kila kitu mpaka leo, kana kwamba ile karabai bado inawaka. Kabla ya kugusa chochote, Mjomba aliomba kitambaa kilicholoweshwa maji akafuta ndani pole pole. Alikuwa hataki tupulize lile vumbi kwa mdomo, na miaka baadaye nikasoma kwamba pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nikamshukuru. Kisha akazilegeza bolti za presha pleti, ile sahani yenye springi inayoibana klachi pleti, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko upande wa pili, mpaka zote zikalegea pamoja. Klachi pleti ikaangukia kiganjani kwake. Ilikuwa mpya kweli, riveti bado ziko chini kabisa, lakini uso wake ulikuwa mweusi unaong'aa, na ilipita kwenye vidole vyake kama inataka kukimbia. Imelowa oili.

Akanisogezea. "Mjomba, nusa. Ya injini au ya giaboksi?"

Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, inachoma pua. Hii haikuchoma. Tena ilikuwa nyeusi tititi, na oili ya injini ya dizeli ndivyo inavyokuwa. Nikasema ya injini.

"Basi inatoka wapi?"

Akasogeza karabai. Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, kulikuwa na madoa ya bluu, pale chuma kilipopata moto mpaka kikabadilika rangi, na nyufa ndogo ndogo nyembamba mithili ya nywele. Aliifungua flaiwili, akaiweka kando, na nyuma yake tukaiona sili ya krenki, pete inayozuia oili isitoke pale shafti ya injini inapotokeza. Mpira wake ulikuwa umekauka mgumu kama plastiki. Alipoubonyeza kwa ukucha haukubonyea. Chini yake oili ilikuwa imechora mstari. Nikapewa bisibisi nikwangue sakafu ya nyumba ya klachi, na nilichokwangua ni tope jeusi lililoganda, vumbi na oili vilivyopikwa pamoja kwa muda mrefu. Lile tope halikuwa la wiki mbili.

Asiyejua gari anaweza kujiuliza tone la oili lina ubaya gani. Klachi haina meno. Ukiachia pedeli, springi zinaibana pleti kwenye flaiwili, na nguvu yote ya injini inavuka hapo kwa msuguano tu. Ukitia mafuta hapo katikati, barabara ya tambarare inaweza kukuficha kwa siku kadhaa. Mlimani, na tani moja mgongoni, haikufichi. Na dereva akikalia balansi badala ya kuvuta handibreki, anapika kile kilichokuwa tayari kinateleza. Mjomba alikuwa na usemi wake kwa madereva wa milimani: klachi ni ya kuondokea, si ya kusimamia.

Asubuhi flaiwili ilienda kukerezwa. Sili ikanunuliwa mpya, na pleti nyingine, kwa sababu iliyokunywa oili haioshwi ikapona, hata uichemshe kwenye petroli. Mambo ya kufunga nayaharakisha, ila moja. Pleti haina kinachoishikilia katikati mpaka presha pleti ibane, na ikikaa pembeni hata kidogo, giaboksi haiingii. Mjomba alikuwa na kipande cha shafti ya giaboksi lililokufa. Alikipitisha katikati ya pleti mpaka kwenye kile kitundu cha krenki, akakizungusha kwa vidole viwili huku amefumba macho, akanyamaza, akakizungusha tena. Ndipo akaanza kukaza, bolti hii na ile inayotazamana nayo, kidogo kidogo. Alipokitoa, kilitoka bila kugusa popote. Giaboksi tulilipandisha vifuani mwetu, mimi na yeye na dereva, na liliingia kwa mtikiso mmoja.

Akalijaribu pale pale kwenye tambarare: handibreki juu, gia ya tatu, akaachia klachi taratibu. Injini ikazima. Injini ikizima hapo, klachi imeshika. Ikiendelea kuzunguka, unaanza upya.

Mama mwenye gari alikuwa amefika, na yule utingo naye, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Akamwamkia Mjomba, Mjomba akaitikia, "Marahaba, baba, pole sana," akauangalia ule mkono muda mrefu. Pleti iliyoungua ilikuwa kwenye turubai, mbele ya watu wote.

Mama akauliza, "Fundi, niambie ukweli. Yule wa kwanza aliniibia?"

Mjomba alikuwa ananawa kwa dizeli. "Mama, sili ya krenki ilikuwa inavuja. Sasa haivuji."

"Sijauliza hilo. Aliiona akaiacha?"

"Mama, klachi yako ni nzima sasa. Dereva asiisimamie mlimani, na siku chache hizi apakie nusu."

Akauliza mara ya tatu, na mara ya tatu hakujibiwa. Utingo alikuwa anatazama ile pleti. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi yenye lile tope, na nilijua jibu, au nilidhani najua. Lakini mtoto hakuwa anamsemea fundi mbele ya mteja. Mama akalipa, pikapu ikapanda mpando ule ule na nusu ya mzigo bila kutetereka, tukakusanya vyombo.

Nilikaa na jambo hili miaka mingi kabla ya kumuuliza Mjomba. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu. Hakuwepo wakati yule mwenzake anafunga. Labda alimwambia mama sili imekufa, na mama, mwenye nyumba isiyo na bati, akasema funga pleti tu, hela nyingine nitaleta. Wateja wa namna hiyo tulikuwa nao wengi, na hilo ni kweli, nimewasikia kwa masikio yangu. Na dereva naye alikuwa amekalia klachi. "Ningemtaja fundi," alisema, "yule kijana angebaki na jina la kulichukia maisha yake yote, na huenda si lenyewe."

Sijui kama hiyo ni busara au ni mafundi kufichiana. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine vile. Ninachofanya mimi ni kimoja: gari langu likishushwa giaboksi, nasimama pale pale nioneshwe sili ya krenki kabla ya kufunga, na nanunua mpya hata kama ya zamani haivuji. Bei yake ukilinganisha na kazi ya kushusha giaboksi ni ndogo sana. Wapo mafundi wanaokasirika wakidhani siwaamini.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Mjomba Misungwi, tukayarudia. Nikamwambia sawa, mama huenda alibana hela, dereva huenda alikosea, lakini fundi wa kwanza aliyakuta mafuta yale akafunga pleti mpya juu yake, na mtu akapoteza vidole. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba sili haikuanza kuvuja baada ya pale. Nikamkumbusha lile tope nililolikwangua, lililoganda, la zamani kuliko pleti.

Akakaa kidogo. "Lile tope nililiona, mjomba," akasema. "Nililiona kabla yako. Na leo ningefanya vile vile."

Nikamwambia mimi ningesema. Hatujakubaliana.