Jinsi nilivyooanisha hesabu za ruzuku ya kilimo

Nilipojumlisha ruzuku walizolipwa wakulima wa kaunti moja ya vijijini nchini Marekani, jumla ya 2019 ilikataa kabisa kuoana na mazao ya mwaka huo. Kiini kilikuwa kalenda: malipo ya ARC (fidia mapato ya zao yanaposhuka) na PLC (fidia bei ya zao inaposhuka), programu zilizoanzishwa na Sheria ya Kilimo ya 2014, hutolewa kuanzia Oktoba ya mwaka unaofuata mwaka wa mazao, hivyo fedha za mazao ya 2019 zilitoka Oktoba 2020. Niliongeza safu ya mwaka wa mazao kando ya tarehe ya malipo, nikapanga upya kila mstari. Mashamba ya ubia ndiyo yaliyonichosha zaidi, kwa kuwa kikomo cha malipo cha wakati huo, dola 125,000, kilihesabiwa kwa kila mwanachama. Nilipogawa kwa idadi ya wanachama, viwango vilivyotia shaka vikaeleweka.