Namba Moja Kwenye Faili la Mipangilio

Kwa siku nzima tulipekua msimbo wa programu tukitafuta kosa ambalo halikuwamo. Mfumo wetu wa mauzo, unaotumiwa na maduka kadhaa ya Kariakoo, ulikuwa ukimwambia muuzaji kwamba malipo ya simu yameshindikana, ilhali mteja aliyesimama mbele yake amekwisha kupata ujumbe kuwa fedha zimekatwa. Wengine walilipa mara mbili. Magharibi ilipokaribia ndipo mwenzetu mmoja alipofungua faili la mipangilio kwenye seva, akaona kwamba muda wa kusubiri jibu la muamala, ambao tuliuweka sekunde 30, ulikuwa umeandikwa 3, hivyo mfumo uliacha kusubiri kabla jibu halijafika. Aliyeubadilisha alikuwa akifanya majaribio usiku kwenye seva ileile inayohudumia wateja, akasahau kuurudisha.

Msimbo wetu wote ulikuwa kwenye Git, chombo cha kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux, na kila mstari ulikuwa na historia yake. Mipangilio tuliiacha nje, kana kwamba si sehemu ya programu, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwani aliyepata hasara ni mwenye duka asiyejua hata seva iko wapi.

Uzembe wa namna hii huwapata hata wakubwa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa dakika 45 hivi, kwa sababu programu mpya ya kununua na kuuza hisa iliwekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, na hapakuwa na mtu wa pili aliyehakiki kazi hiyo.

Sasa mipangilio yetu inakaa pamoja na msimbo, isipokuwa nywila na funguo za siri. Anayetaka kubadilisha chochote huandika sababu, mwenzake huisoma, kisha mabadiliko hupelekwa kwenye seva zote kwa pamoja. Yakileta shida, tunarudi kwenye toleo lililotangulia. Vijana hulalamika kwamba huu ni urasimu, nami ninawaelewa, hasa pale mteja anapopiga simu alfajiri akitaka bei irekebishwe papo hapo. Hata hivyo, sikubali kulegeza utaratibu huu. Pembeni ya ile namba 30 pameandikwa kwamba majibu ya miamala huchelewa sana mwisho wa mwezi, na wiki iliyopita kijana mgeni aliyetaka kuipunguza aliyasoma maelezo hayo, akaja kuniuliza kwanza.