Usiku wa mus, Grove Street

Jioni ile ya Februari theluji ilikuwa imefunika Grove Street, mtaa wa Wabaski hapa Boise, Idaho, Marekani. Jirani na tulipokaa ipo nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1864. Kuanzia 1910 ilipangisha vitanda kwa wachunga kondoo waliotoka Bizkaia, nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Wakishuka milimani, humo walipata chakula, moto na mtu wa kusema naye Kibaski.

Amuma (ndivyo watoto wa Kibaski wanavyomwita bibi) alikuwa akiwafundisha wajukuu wake mus, mchezo wa karata wa Kibaski. Meza ilihitaji mtu wa nne, nikaitwa.

Karata ni 40, za Kihispania: sarafu, vikombe, panga na marungu, bila nane wala tisa. Mnacheza wawili kwa wawili, mwenzako amekukabili, kila mtu karata nne, na zamu huzunguka kuelekea kulia. Wote wanne wakisema "mus", mnabadilisha karata. Mmoja akisema "mintza", yaani sema, basi, hakuna kubadilisha. Hapo mnashindana mara nne: handia (karata kubwa), txikia (ndogo), pareak (jozi) na jokoa (jumla ya 31 au zaidi, na 31 yenyewe ndiyo bora). Pointi huhesabiwa kwa kete. Mmoja hushika kete za moja moja, mwenzake hushika za tano tano, hamarreko. Nane za hizo, yaani 40, mchezo umekwisha.

Ishara kwa mwenzako ni halali. Kung'ata mdomo wa chini ni wafalme wawili. Ncha ya ulimi, ree mbili. Ishara ya uongo ni marufuku. Mjukuu wa kike aliing'ata midomo yote miwili, tena polepole, meza nzima ikaona.

Watu husifu sana Oinkari, kikundi cha ngoma cha tangu 1960, na wanastahili. Ila ngoma huchezwa kwa miguu. Mus haiiachi lugha itoke mdomoni, kama vile mcheza bao popote alipo bado anasema namua na mtaji.

Mjukuu wa kiume ndiye aliyegawa. Tulipofika jokoa akauliza kwa Kiingereza kama anaweza kuweka dau la mchezo mzima. Amuma akapanga kete zake, kimya. Akauliza tena. Kimya. Kisha mtoto akanyoosha mgongo: "Hordago!" Maana yake, hiyo hapo.

Amuma akakubali. Mtoto akafunua wafalme wawili na farasi, kumi kila mmoja, na ree, moja: 31. Amuma akafunua mfalme, sota (ghulamu, kumi pia), tatu na mbili. Mtoto akajumlisha 25, akashangilia. Alisahau kwamba tatu ni mfalme, kumi, na mbili ni ree, moja. 31 kwa 31. Wakilingana, hushinda esku, aliye kulia kwa mgawaji, na kulia kwake aliketi bibi yake.

"Berriro," mtoto akasema. Tena. Amuma akamsogezea karata.