Mlango wa maji tulioufundisha kukaa wazi

Kila bamvua kubwa likikaribia, yaani bahari inapojaa kupita kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba dawa ya maji ya bahari ni kufunga. Fungeni mlango, tieni uzito, jazeni mifuko ya mchanga, basi. Nimechoka na ushauri huo, maana sisi huku kwetu Ngomeni, pwani ya Kenya, tuliufuata wote na nusura utumalize.

Nyuma ya nyumba zetu kuna hori dogo linaloingia kutoka Ghuba ya Ungwana. Tuta la barabara limelikata, na chini ya tuta pana kalvati moja. Waliojenga tuta walitundika kifuniko cha chuma kwenye mdomo wa kalvati, upande wa bahari, bawaba zikiwa juu. Maji yakijaa yanakisukuma kikafunga. Yakipwa, maji ya ndani yanakisukuma kikafunguka. Nyumba zikakaa kavu na watu wakashukuru.

Lakini kifuniko cha namna hiyo hakijui bamvua wala maji mafu, yale yanayojaa kidogo tu. Mwambao wetu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji mafu ni kama mita 1 tu, na chuma kile kilifunga sawasawa siku zote, hata siku ambazo maji yasingemfikia mtu. Bahari ikawa haiingii tena ndani ya tuta. Mikoko na mikandaa ikakauka kuanzia vilele, ikabaki michu, mikoko ya aina nyingine, nayo imedumaa, na matope yakageuka wangwa mweupe kwa chumvi. Kaa na kamba wakatoweka. Mkondo wenyewe, kwa kuwa hauoshwi tena na maji yanayoingia kwa nguvu na kutoka kwa nguvu, ukajaa tope mpaka kifuniko kikafukiwa nusu.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zikatukuta hivyo. Maji yakateremka kutoka bara, yakafika kwenye tuta, yakakosa pa kutokea. Yalikaa juu ya wangwa wiki baada ya wiki, na hata ile michu michache ikafa, maana mchu hupumua kwa vile vijizizi vinavyochomoza juu ya matope, na vikifunikwa na maji yasiyopwa hukosa hewa. Jikoni kwa shangazi yangu maji yalifika magotini. Mlango uliowekwa kutukinga na bahari ndio uliotufungia maji ya mvua ndani.

Hapo wakaja wa kutushauri tupande miche. Miche ya mkoko ililetwa kwa lori, tukapiga picha, tukaipanda kwa mistari ndani ya tuta. Nilisema siku ileile, mbele ya wote: “Jamani, mkoko unataka maji yanayokuja na kuondoka, mtaupandaje pasipokuja wala kuondoka maji?” Nikaambiwa nisiwavunje watu moyo. Haikupita kaskazi moja, vijiti vikawa vikavu kama kuni.

Sasa naeleza tulivyofanya. Ruhusa kwanza: mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo usichimbe mfereji wala kukata mti kabla ya kuzungumza na watu wa misitu. Hilo lilichukua muda, lakini lilikwisha. Tope la mdomoni tuliliondoa kwa majembe na karai, vijana wakifanya kazi maji yakipwa.

Fundi mmoja akasema dawa ni rahisi, tuweke kabari ya gogo kifuniko kisifunge kabisa. Siku za maji mafu ilipendeza kweli, maji yakaingia taratibu na vijikaa vikaonekana. Likaja bamvua, na kusi likivuma. Bahari haikujali kabari. Ilipita kwenye ule mwanya usiku kucha, na alfajiri shangazi akaamka sufuria zinaelea. Akaniita: “Mwanangu, gogo lenu limeniletea papa jikoni!” Nilikwenda kuling’oa mwenyewe, maji kifuani. Nikajua tunahitaji mlango unaokaa wazi kwa raha zake, lakini ujifunge wenyewe maji yakifika pabaya, bila mtu kuamka saa kumi usiku.

Jibu nililipata kwa mpwa wangu anayetega kwale. Nilimtazama akikunja kijiti, akakifunga kwa kijiti kingine kidogo, na kile kidogo kikiguswa tu mtego mzima unaruka. Nikamwambia, hebu nitegee bahari.

Kwanza tulibadili kifuniko. Chuma kilikuwa kimeliwa, tukaweka ubao wa mbambakofi tuliopewa na fundi wa majahazi, na bawaba tukazikata kutoka mpira wa tairi la lori. Mpira hauna kutu, na mlango ukianguka kwa kishindo hauvunji saruji. Juu ya tuta tukasimamisha nguzo yenye kapi ya jahazi. Kamba inatoka kwenye ukingo wa chini wa mlango, inapita kwenye kapi, na ncha yake ina pete. Pete inavishwa kwenye kijiti cha mkandaa kilichokaa ndani ya tundu la ubao, upande wa ndani wa tuta. Mlango unabaki umeinuliwa na maji yanapita huru.

Chini ya kile kijiti, katikati ya nguzo nne ili usichukuliwe na mkondo, unaelea mtungi mtupu wa lita 20 uliozibwa vizuri. Juu ya mtungi imesimama fimbo. Maji ya ndani yakipanda, mtungi unapanda na fimbo inapanda. Yakifika kwenye alama, fimbo inakisukuma kijiti kutoka tunduni, pete inaachia, mlango unashuka pwaa! na bahari yenyewe inaukaza. Maji yakipwa, ya ndani yanausukuma na kutoka kama zamani. Na ukisahau kutega, mlango unafunga kila maji yakijaa, kwa hiyo hakuna atakayelowa kwa uzembe wa mtu. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote. Siku ya jaribio kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta, na mlango uliposhuka wenyewe wazee walipiga makofi.

Alama tuliipata kwa ule mpira mweupe ambao mafundi wa ujenzi hupimia usawa. Tuliujaza maji, tukauvuta kutoka sakafu ya jiko la shangazi, ambalo ndilo la chini kuliko yote, mpaka kwenye nguzo za mtungi. Fimbo ya mwisho tukaikata ili isukume kijiti maji yakiwa shubiri mbili chini ya usawa huo.

Lakini hatukuanzia hapo. Nilikuwa nimesoma habari za Wellfleet, huko Massachusetts, Marekani, ambako Mto Herring ulizibwa kwa boma mwaka 1909 ili kupunguza mbu. Mbu hawakwisha, ila matope ya chumvi yalipokauka yakatoa asidi, na samaki wakafa. Sasa wanarudisha bahari, na mpango wao ni kufungua milango kidogo kidogo. Mimi nilishaona maji mekundu kama kutu yakichuruzika kutoka wangwa wetu baada ya mvua, nikashuku ni asidi ya namna hiyo, kwa hiyo niliwasihi wenzangu twende polepole. Tulianza na fimbo ndefu, mlango ukishuka mapema, kisha tukawa tunaipunguza kwa kiganja kila baada ya miezi.

Kazi ya kila siku ni ndogo. Maji mafu hatutegi kitu, mlango tunauinua na kuufungia juu kwa kamba ukae wazi. Bamvua huku kwetu hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, basi saa nne asubuhi mpwa wangu anapita kutega, na siku zinazofuata anachelewa kidogo kidogo. Maji ya alfajiri hatuyategei, mlango unajifunga tu. Chaza wanaota kwenye saruji mlango unapokaa. Wakwanguliwe kwa panga, la sivyo maji yatapenya. Gharama zote, pamoja na kuwalisha vijana, kama shilingi elfu arobaini, labda hamsini. Miche ile ya lori ilikula zaidi.

Hatujapanda mche hata mmoja tangu hapo. Matunda ya mchu yaliingia na maji yenyewe, yakanasa kwenye matope, na sasa miche inanipita kiuno. Mikandaa inafuata pembeni. Samaki wadogo wa mwatiko wamerudi kwenye mkondo. Na masika yaliyofuata maji ya bara yalitoka siku ileile, kwa sababu mkondo umejichimba tena.

Wa vijiji vya jirani mnaotaka kuja kutazama, njooni siku ya bamvua, saa nne asubuhi, muone kutega, na mkae mpaka alasiri muone mlango ukishuka. Mje mkijua sakafu ya nyumba yenu ya chini kabisa, na kama tuta lenu lina tundu mlizibe kwanza. Mpira wa bawaba uwe wa lori. Wa gari dogo tuliujaribu, ulipasuka.